Fundi nondo ameanguka saiti, mkandarasi anasema "si mtu wetu": fidia ya WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi) inapatikana?

Mirunda_Dom:
Wakuu, naomba msaada wa sheria na wa vitendo. Saiti ya ghorofa nne, Dodoma. Fundi nondo ameanguka kutoka kwenye jukwaa, mfupa wa paja umevunjika, na hii ni wiki ya pili yuko wodini. Aliletwa na fundi mkuu aliyechukua kazi ya nondo kwa bei ya tani. Analipwa 20,000 kwa siku, mkononi, kila Jumamosi, bila mkataba wa maandishi. Mkandarasi alilipia siku ya kwanza hospitali. Sasa anasema vibarua hawamo WCF, na kwamba kuna bima ya mradi, tuongee na watu wa bima. Je, kibarua anaingia? Mwajiri ni nani hapo? Tuanzie wapi?

Kikokotoo:
Anaingia. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura 263, haiangalii kama mtu ni wa kudumu au wa siku, wala kama mkataba ni wa mdomo. Mfuko ulianza kukusanya michango Julai 2015 na kulipa mafao Julai 2016, na hoja hii ya "kibarua hayumo" imekuwepo tangu hapo. Mchango ni wa mwajiri peke yake. Kwa sekta binafsi ulikuwa asilimia 1 ya mishahara, sasa ni asilimia 0.5. Ukiona saiti wanakata "ya WCF" kwenye posho ya fundi, huo ni wizi.

Bima ya mradi ni kitu kingine kabisa. Inalinda jengo, vifaa na watu wa nje wanaoweza kudhurika. Haichukui nafasi ya WCF, na mkandarasi aliyewahi kujaza zabuni analijua hilo.

Kuhusu mwajiri ni nani: soma kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, Sura 300. Mtu huchukuliwa kuwa mfanyakazi ikiwepo hata dalili moja kati ya kadhaa: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, anapangiwa saa, amefanya wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu, anapewa zana, anamtegemea huyo mmoja kwa kipato, na kadhalika. Kama foremani wa mkandarasi ndiye anayepanga saa za kuingia na kutoka, mashine ya kukata nondo ni ya mkandarasi na kofia ngumu zimetoka stoo yake, basi fundi mkuu ni kiongozi wa genge tu. Angekuwa na kampuni iliyosajiliwa, zana zake na daftari lake la mishahara, yeye ndiye angekuwa mwajiri. Kwenye taarifa yenu andikeni majina ya wote wawili na mweleze nani alikuwa anaamuru nini. Msichague upande kabla Mfuko haujachunguza.

Sista_wa_Majeruhi:
Kabla ya kubishana na mkandarasi, leo hii nendeni mkaangalie faili la hospitali limeandikwaje. Mara nyingi anayemleta majeruhi anasema "kaanguka nyumbani" ili mambo yaishe haraka. Madai yanakwama hapohapo, maana taarifa ya daktari na taarifa ya ajali hazikubaliani. Daktari aandike ajali ya kazini, tarehe, saa, na jinsi alivyoanguka. Msitumie kadi ya bima ya afya ya ndugu wala ya mke wake. Risiti zote, picha za eksirei na karatasi za rufaa ziwekwe pamoja, kisha pigeni picha kila moja.

Kikokotoo:
Kweli kabisa. Sasa hatua. Mwajiri anatakiwa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku 7 tangu ajue ajali. Kwa wiki ya pili, amechelewa yeye. Haki ya fundi haijafa. Mlango unaofunga ni wa miezi 12 tangu ajali bila taarifa kwa mwajiri wala kwa Mfuko. Kwa hiyo mpelekeeni mkandarasi barua, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa, halafu nendeni ofisi ya WCF mkaripoti wenyewe. Mwajiri kutojisajili au kutochangia ni kosa lake mbele ya Mfuko, si la fundi.

Beba kitambulisho cha NIDA, akaunti ya benki yenye jina lilelile (tofauti ya herufi moja inachelewesha malipo), taarifa ya daktari, na ushahidi wa kipato. Hapa kwenye kipato ndipo vibarua huumia, kwa sababu fidia inakokotolewa kwa mshahara. Kama hakuna hati ya malipo, tafuteni picha za daftari la mahudhurio, meseji za kuitwa kazini, na maelezo ya maandishi ya wenzake wawili watatu wa genge.

Hesabu: 20,000 × siku 26 = 520,000 kwa mwezi. Ulemavu wa muda (kipindi asichoweza kufanya kazi) hulipwa asilimia 70, yaani 364,000 kwa mwezi, kwa muda usiozidi miezi 24, na gharama za matibabu hubebwa na Mfuko. Mkandarasi akiripoti kwamba alikuwa analipwa 10,000, fidia inashuka nusu. Mfupa ukishaunga, daktari anapima ulemavu wa kudumu: ukiwa asilimia 30 au chini, ni malipo ya mkupuo, ukizidi, ni pensheni ya kila mwezi.

Mirunda_Dom:
Shukrani wakuu. Faili limeandikwa "kuanguka" tu, tunalirekebisha kesho. Lakini jana wameleta karatasi: milioni mbili, asaini kwamba hana madai yoyote.

BOQ_Mtupu:
Asisaini. Milioni mbili ni chini ya miezi sita ya hiyo 364,000, na paja huenda likachukua zaidi ya hapo, bado ulemavu haujapimwa. Kama anahitaji hela ya kula, apokee kwa risiti iliyoandikwa "msaada", bila neno la kumaliza madai.

Na kwa mnaopanga bei za zabuni: kwa mshahara huo WCF ni 2,600 kwa mwezi kwa fundi mmoja. NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii, wa pensheni) ni asilimia 20, yaani 104,000, na makato ya mfanyakazi hayazidi nusu yake. Anayeumiza bajeti ya mkandarasi ni NSSF, si WCF. Wengi hukwepa vyote viwili kwa sababu kumwandikisha mtu WCF kunaacha orodha ya majina ambayo NSSF nao wanaweza kuiuliza. Kwa hiyo mkiwa WCF, ulizeni na michango yake ya NSSF. Hilo ni dai tofauti, na ofisi yake ni tofauti.