Naomba ushauri: noti ya Pennsylvania ya 1764 iliyoshonwa kwa uzi

Habari zenu wakuu. Naishi Philadelphia, na nimeanza kukusanya noti za makoloni, zile zilizokuwepo kabla Marekani haijawa nchi. Kuna muuzaji ana noti ya Pennsylvania ya shilingi 20, ya 18 Juni 1764, iliyochapwa na Benjamin Franklin na David Hall. Nyuma ina picha ya jani, mishipa yote inaonekana, pamoja na onyo kwamba adhabu ya kughushi ni kifo. Franklin alitoa umbo hilo kwenye majani halisi, ili wachongaji wa noti bandia washindwe kuliiga.

Tatizo ni kwamba noti imekatika kwenye mkunjo, na mwenyewe wa enzi hizo akaishona kwa uzi. Mishono saba midogo, nimeihesabu. Mtu alikuwa anaokoa pesa yake ya matumizi! Muuzaji anataka kuufumua uzi abandike karatasi nyembamba. Roho yangu inakataa kabisa.

Wazoefu, uzi ubaki? Unashusha bei sana? Na zaidi ya saini za wino na chembe za maika (madini yanayometameta) kwenye karatasi, nikague nini nisiuziwe nakala? Ameniwekea mpaka Jumamosi.