Kava ngumu ya gari la gofu: milango ya polikaboneti au turubai linatosha?

Mpanda_Ngazi:
Habari zenu wakuu, naombeni ushauri kwa wenye uzoefu na haya magari ya gofu. Ninalo la umeme la watu wawili, Club Car DS, paa lipo, kioo cha mbele cha kukunja kipo, ila pembeni wazi kabisa, mvua ikija na upepo unalowa kuanzia goti mpaka bega na siti inashinda na maji. Nilikuwa natumia lile turubai la zipu, sasa zipu zimekufa na ile plastiki ya dirisha imekuwa ya njano halafu imekunjamana, upande wa kulia huoni kitu, unakata kona kwa kubahatisha.

Nataka nihamie kwenye kava ngumu, ile yenye milango ya bawaba kabisa na vioo vya plastiki ngumu. Sasa nikitafuta nachanganyikiwa, kuna fremu za alumini, kuna za chuma, huyu anasema plastiki ya akriliki yule ya polikaboneti, kuna milango ya kufungua na ya kuteleza, na kila muuzaji yake ndo bora. Gari natumia kila siku kwa kazi, sio mchezo tu, nabeba vifaa nyuma, kuna mvua, kuna vumbi, asubuhi kuna baridi na mchana jua linawaka. Je uzito wake hautanila chaji? Na vioo vikijaa mvuke inakuwaje? Naweza kuweka hita humo ndani? Msinichoke kwa maswali 😀

fundi_bawaba:
Mkuu kabla hujafika kwenye polikaboneti, hiyo DS yako ni ya mwaka gani? Manake hapo ndo watu wengi wanapoliwa. DS ilibadilishwa katikati ya mwaka 2000, nguzo za paa na sehemu ya mbele hazifanani, ndo maana utaona wauzaji wanaandika "kabla ya 2000 na nusu" au "baada". Ukiletewa kava ya toleo lingine hata kama kwenye picha ni zile zile, mlango utagoma kufunga au utabaki uwazi wa vidole viwili pale juu na mvua itaingia hapo hapo. Sio Club Car peke yake, E-Z-GO TXT ya mpaka 2013 na ya kuanzia 2014 bodi zake tofauti, Yamaha Drive na Drive2 iliyokuja 2017 nazo usizichanganye.

Afu paa. Paa la kawaida la watu wawili lina kama inchi 54 kwa urefu, lile refu la kufunika siti ya nyuma linaenda 80 na zaidi. Kama kuna mtu aliwahi kubadilisha paa kabla hujalinunua gari, jina la modeli halikusaidii kitu, chukua tepu upime mwenyewe, urefu wa paa, umbali kati ya nguzo ya mbele na ya nyuma kwa juu NA kwa chini, na kutoka sakafu ya gari mpaka ukingo wa paa, pande zote mbili maana gari lililowahi kugonga nguzo zake huwa zimeinama bila mwenyewe kujua. Angalia pia vitu ulivyoongeza, vioo vya pembeni, vishikio, kile kioo cha mbele cha kukunja, kava nyingi zinataka kitolewe na zinakuja na cha kwao.

Mimi nikichagua kava kitu cha kwanza naangalia bawaba. Shika mlango ukiwa wazi, uunyanyue kwa ncha ya mbali, ukicheza hata kidogo achana nao, barabara ya mashimo itaumaliza, tundu la bolti linapanuka taratibu linakuwa la umbo la yai halafu mlango unaning'inia na komeo halikutani tena na shimo lake. Na tafuta bawaba za kuchomoa, ile unanyanyua mlango mzima unatoka kwenye pini, siku za jua unaiacha milango nyumbani.

Mama_Polikaboneti:
Nadandia hapo kwenye vioo maana jina langu linajieleza 😂

Akriliki ni ngumu juu, haikwaruziki kirahisi na inang'aa vizuri, ila ikipigwa inapasuka, na ikishapata ufa kwenye tundu la skrubu ule ufa unatembea mpaka mwisho. Polikaboneti unaipiga jiwe inabonyea tu inarudi, kwa gari la kazi linalobeba vifaa mimi naenda polikaboneti bila kujiuliza. Ubaya wake ni laini juu, inakwaruzika. Kwa hiyo ulizia kama ina koti gumu la kuzuia mikwaruzo na kama imekingwa na miale ya jua, isiyokingwa itakuwa ya njano kama hilo turubai lako. Na karatasi nyingi zimekingwa upande mmoja tu, ule ndo unatazama nje, fundi akigeuza umeisha.

Unene wa milimita 5 au 6 unatosha. Wanaokwambia nene zaidi ndo bora wanakuongezea uzito tu, kinachofanya mlango utulie ni fremu sio unene wa kioo.

Halafu jambo ambalo mafundi wengi hawalijui, hii plastiki inavutika na joto. Kioo cha mita moja kikipata tofauti ya nyuzi 30 kati ya asubuhi na jua la mchana kinaongezeka kama milimita 2. Kwa hiyo matundu yake lazima yawe mapana kuliko bolti na kuwe na washa ya mpira, na usikaze kama unakaza gurudumu. Ukikaza sana mchana kinajikunja kama mgongo wa samaki, baadae kinaanza nyufa ndogo ndogo kuzunguka tundu. Na ile gundi ya kukazia nati zisilegee isiguse polikaboneti kabisa, inaila, tumia nati zenye plastiki ndani.

Kuosha ni maji mengi kwanza vumbi litoke, sabuni laini na kitambaa laini. Usifute kikavu!! Ukifuta kikavu mchana hutaona kitu, subiri usiku taa ya gari lingine ikupige kwa mbele ndo utaona ile mikwaruzo ya duara duara imejaa kioo kizima. Dawa ya vioo yenye amonia hapana, petroli ya kutolea gundi ya stika hapana.

kobe_wa_umeme:
Ngoja nipinge kidogo. Watu wanakimbilia kava ngumu wakati shida yao ni turubai la hali ya chini. Kuna yale ya fremu ya bomba yenye milango ya bawaba ila imevishwa kitambaa na plastiki laini ya dirisha, unafungua kama mlango wa kawaida, hamna zipu ya kufa, na ni jepesi, likichanika unashonesha. Kava ngumu inagonga gonga mkuu, usidanganywe, gari la gofu halina springi za kusifia na kila kitu kigumu kilichofungwa kwenye kigumu kitapiga kelele. Na upepo wa ubavuni unalisukuma gari, ukiwa kwenye mteremko unausikia kabisa kwenye usukani.

fundi_bawaba:
Kelele ni mpira wa mlango kaka. Ukiona mlango unafunga chuma kwa chuma hapo umeuziwa kopo. Mpira uzunguke mlango wote na ubonyee kidogo ukifunga, karatasi uliyobana katikati ukiivuta iwe inakataa. Hilo la upepo nakubaliana na wewe, haswa wenye paa refu.

Mpanda_Ngazi:
Asanteni sana, mama polikaboneti umenifungua macho. Fremu ya bomba nimeifikiria ila vifaa ninavyobeba vina ncha, kitambaa hakitamaliza mwaka. Bado hamjanijibu la chaji na hita, kuna jamaa ananiambia anatumia hita ndogo ya mtungi wa gesi anaiweka pale pa kuwekea kikombe na anafurahia maisha.

volti48:
Huyo jamaa mwambie aache au aache dirisha wazi, na simaanishi kidogo. Hita ya gesi ndani ya kava ngumu inakula hewa unayovuta na ikiungua vibaya inatoa kaboni monoksidi ambayo haina harufu wala rangi, unasikia kichwa kizito unadhani ni uchovu. Kwenye turubai lililotoboka toboka watu wanapona kwa sababu upepo unapita, ukishaziba kila upenyo kwa mpira mzuri wa fundi bawaba hapo juu umejijengea chupa. Hata zile zenye kifaa cha kujizima hewa ikipungua bado dirisha linatakiwa wazi. Na wenye magari ya petroli msikilize pia, injini iko chini ya siti, ukiziba nyuma vibaya ukaacha nafasi huku chini moshi unaingia ndani na wewe.

Wewe wa umeme una lako. Betri za maji zikichajiwa zinatoa haidrojeni, inapanda inakwama chini ya paa. Ukichaji fungua milango yote, usiiache imefungwa usiku kucha eti vumbi lisiingie.

Hita ya umeme inawezekana ila piga hesabu. Wati 300 kwa volti 12 ni ampea 25, tundu la sigara la kawaida halibebi hiyo, litayeyuka, inatakiwa waya wake mnene na fyuzi yake. Na hiyo volti 12 uipate kwa konveta, kile kifaa cha kushusha volti, inayochukua betri zote, usije ukachomeka kwenye betri moja au mbili za pembeni, hizo zitachoka kabla ya wenzake na seti nzima inakufa mapema. Kwa ushauri wangu weka mfuniko wa siti wa kupasha joto, unakula umeme kidogo na unakupasha wewe badala ya kupasha hewa inayotoka kila ukifungua mlango.

Uzito usikusumbue sana. Betri sita za volti 8 za risasi na maji ni karibu kilo 170, ni kama umebeba watu wawili muda wote, kava utaisikia kwenye vilima ila kinachokula chaji zaidi asubuhi ni baridi yenyewe, betri ya risasi kwenye nyuzi 0 inakupa kama robo tatu ya uwezo wake, au juu ya hapo kidogo. Waliohamia betri za lithiamu ya fosfati wanapunguza mzigo mkubwa ila hiyo isichajiwe chini ya nyuzi 0, hakikisha mfumo wake unaikatia chaji wenyewe.

Mama_Polikaboneti:
Na mvuke, usitafute dawa ya ajabu, unatoka kwenye pumzi yako na kwenye nguo zilizolowa. Chagua kava yenye madirisha ya kuteleza pande zote mbili, fungua kidogo kushoto mbele na kulia nyuma hewa ikatize, kioo kinasafika chenyewe. Feni ndogo ya volti 12 inayopuliza kioo cha mbele inamaliza kazi. Kava yenye dirisha la kipande kimoja lisilofunguka mimi siinunui hata nikipewa bure, jua likitoka humo ndani ni tanuri.

Waipa pia, hakikisha kioo cha mbele kinaruhusu. Waipa juu ya polikaboneti isiyo na koti gumu inachora upinde mmoja mzuri wa mikwaruzo usawa wa macho yako, kama utaendesha sana kwenye mvua kioo cha mbele kiwe cha kioo kweli, kile cha tabaka mbili za magari, milango ndo iwe plastiki.

Mpanda_Ngazi:
Hapo nimeelewa. Kwa hiyo: milango ya kuchomoa, polikaboneti yenye koti, madirisha ya kuteleza, mbele kioo halisi, hita hapana siti ya moto ndio. Nyuma naomba iwe ya kufungua peke yake nipakie vifaa bila kuzunguka. Swali la mwisho, fundi anataka kutoboa chesisi kufunga fremu, nimkubalie? Na mwaka wa gari siujui, karatasi sikupewa.

fundi_bawaba:
Asitoboe kama kuna klampu za kubana kwenye nguzo, na nyingi zinazo. Chesisi ya Club Car ni alumini, ukipiga bolti ya chuma cha kawaida hapo na maji yakakaa, alumini inalika kuzunguka bolti inakuwa unga mweupe. Kama lazima atoboe, bolti za chuma kisichoshika kutu, washa ya plastiki katikati, na grisi.

Mwaka upo kwenye namba ya gari, tafuta kibandiko chenye mistari, namba inaanza na herufi, tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka na mbili zinazofuata hapo ni wiki.

Mpanda_Ngazi:
Nimekiona, kimefutika kidogo ila inasomeka 00 halafu 21.

fundi_bawaba:
Duh, umeangukia katikati kabisa 😅 hapo usiagize kwa mwaka. Piga picha nguzo za mbele pale zinaposhikana na bodi na pale zinaposhika paa, na vile vipimo vya tepu, mtumie muuzaji kabla hujalipa akuthibitishie kwa maandishi. Akikwambia "itaingia tu" tafuta mwingine.

kobe_wa_umeme:
Na ukishafunga tuwekee video ukipita kwenye mashimo, nataka nisikie hizo kelele kama kweli hazipo.