Nimeanza tiba ya mazungumzo na sasa nalia na kukasirika zaidi: je, narudi nyuma?

Mpole_wa_Zamani:
Habari zenu. Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikienda kwa mshauri wa saikolojia kila wiki kutokana na wasiwasi uliokuwa ukininyima usingizi. Usingizi umerejea kwa kiasi, lakini limezuka jambo jingine: mimi niliyesifiwa upole tangu utotoni, sasa nakasirika na kulia, na juzi nilimwambia dada yangu kwamba nimechoka kuwa msuluhishi wa kila ugomvi wa familia. Mama anasema tiba imeniharibu. Je, huku ndiko kukua kihisia, au ndiyo naharibikiwa?

Msikivu:
Pole kwa hayo. Mimi ni mshauri wa saikolojia, na kwa kuwa hatufahamiani, siwezi kukupima kupitia maandishi. Nitaeleza tu yale ambayo kazi hii imenifundisha, mengine kwa kuchelewa.

Miaka yangu ya mwanzo nilipima mafanikio kwa kuangalia nani anatoka chumbani akiwa anatabasamu. Nilikuwa na mteja (nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike) aliyekubaliana na kila nilichosema na kunishukuru kila mwisho wa kikao, nami nikaandika katika jalada lake kwamba anaendelea vizuri, kumbe alikuwa akinitunza mimi kama alivyozoea kumtunza kila mtu. Siku aliponiambia, sauti ikimtetemeka, kwamba swali langu la wiki iliyotangulia lilimuudhi, ndipo kazi yetu ilipoanza.

Utulivu wa nje hauthibitishi kwamba ndani kumetulia. Wanasaikolojia James Gross na Robert Levenson, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1993, waliwaonyesha watu filamu za kuchukiza na kuwataka baadhi yao wafiche hisia zao; nyuso zilitulia kweli, lakini karaha waliyoihisi haikupungua, na baadhi ya dalili za mwili kuhangaika ziliongezeka. Kwa hiyo mtu aliyeficha hasira kwa miaka mingi anapoanza kuionyesha, huenda hasira hiyo si mpya hata kidogo, ila wanaomzunguka ndio wanaoiona kwa mara ya kwanza.

Badala ya kuhesabu umelia mara ngapi, mimi ningeuliza hivi: ukikasirika, unajua ni nini kilichokukasirisha, na je, unaweza kukisema bila kumuumiza mwenzako, kisha ukatulia na kuendelea na siku yako?

Nilipita_Huko:
Naheshimu maelezo hayo, lakini naomba tuwe waangalifu. Mimi niliambiwa na kila mtu kwamba machozi ni sehemu ya kupona, ilhali kwa zaidi ya wiki tatu nilikuwa sili, siogi, wala sioni sababu ya kutoka kitandani. Ilikuwa sonona, na nilihitaji daktari. Si kila maumivu ni ukuaji.

Msikivu:
Umesema kweli, na lilikuwa jambo la kutangulizwa. Huzuni au kukosa hamu ya mambo yote kukidumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, hasa pamoja na mabadiliko ya usingizi, ulaji na nguvu za mwili, mtu anapaswa kuchunguzwa na mtaalamu. Na mawazo ya kutotaka kuishi hayasubiri kikao kijacho, bali yasemwe siku hiyohiyo kwa daktari au kwa mtu wa karibu anayeweza kukaa nawe. Hata kama hayo hayapo, swali lako lipeleke kwa mshauri wako mwenyewe, pamoja na maneno ya mama.

Mpole_wa_Zamani:
Nawashukuru nyote. Nakula vizuri, nafanya kazi zangu, na hasira yangu, nikiitafakari, karibu kila mara naijua chanzo chake. Kilichonishtua ni habari ya yule mteja. Nimekuwa nikimficha mshauri wangu maneno ya mama kwa wiki tatu, nikiogopa kwamba yatamvunja moyo, na kila nikiagana naye namwambia kwamba kikao kilikuwa kizuri sana. Alhamisi nitaanza na hilo.