MJADALA: Miamala iwe kazi ya mfumo endeshi, au ibaki kwa hifadhidata?

Karani wa Seva

Wakuu, habari za leo. Kuna jambo limeninyima usingizi, naomba tulichambue.

Nahudumia mfumo wa chama kimoja cha kuweka na kukopa. Mwanachama akiomba mkopo, karani anaskani fomu yake. PDF inaingia kwenye folda, na mstari mmoja unaandikwa kwenye hifadhidata ya PostgreSQL: namba ya mwanachama, kiasi, jina la faili. Alhamisi umeme ukakatika, na betri ya UPS ilishakufa zamani. Umeme uliporudi nikakuta mikopo 3 imeandikwa vizuri kabisa, lakini PDF zake zipo jina tu. Ukubwa: baiti 0. Bahati makaratasi yalikuwepo, tukaskani upya.

Hifadhidata ilitimiza ahadi yake, ila ahadi hiyo inaishia mlangoni pake. Folda iliyo jirani haihusiki. Mwenye mamlaka juu ya vyote viwili ni mfumo endeshi (Linux, Windows na wenzake), sasa kwa nini usitupe muamala: anza, andika faili, andika mstari, funga, na mashine ikizima katikati vyote virudi vilivyokuwa?

Wala si ndoto. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, walionyesha TxOS mwaka 2009. Ilikuwa Linux iliyobadilishwa ili programu izungushie shughuli zake za mfumo amri 2, ya kuanza na ya kumaliza. Ukisakinisha programu, hatua zote zinapita au hakuna inayopita. Microsoft nao waliweka miamala ya faili ndani ya NTFS, mfumo wa Windows wa kupanga faili kwenye diski, kuanzia Windows Vista. Nani alituambia hatuihitaji?

Fundi Diski

Mkuu, pole, lakini hapo kosa ni la kwako.

Andika PDF kwa jina la muda. Ita fsync, amri ya kulazimisha data ishuke kwenye diski. Badilisha jina liwe la kudumu. Ita fsync kwenye folda yenyewe, hii wengi wanaisahau. Ukimaliza hayo ndipo uandike mstari. Umeme ukikatika popote hapo, baya litakalobaki ni faili yatima isiyo na mstari, na hiyo unaifagia usiku kwa skripti. Hakuna muamala wa kerneli (kiini cha mfumo endeshi) uliohitajika.

Na huyo Microsoft unayemtaja, umesoma alivyomalizia? Leo nyaraka zao wenyewe zinawasihi watu watumie njia nyingine, na zinaonya kwamba huenda kitu hicho kisiwepo kwenye matoleo yajayo. Waandishi wa programu hawakukichangamkia. Waliochangamka ni wengine. Mwaka 2017 watafiti wa usalama walionyesha mbinu waliyoiita Process Doppelgänging: unafungua muamala, ndani yake unaiandika programu hasidi juu ya faili halali, unaipakia kwenye kumbukumbu, kisha unaurudisha muamala nyuma. Antivirasi ikikagua diski inakuta faili safi kama ilivyozaliwa, kumbe mchawi keshaingia ndani.

Btrfs, mfumo wa faili wa Linux, nayo ilikuwa na amri za kuanza na kumaliza muamala. Jiulize: programu ikianza muamala halafu ikafa au ikakwama, nani anaufunga? Mfumo mzima wa faili unaweza kukaa unamsubiri marehemu. Walizitoa.

Binti Kerneli

Fundi, kuhusu Windows na Btrfs niko nawe. Ila unapomwambia mwenzio "ita fsync" unaongea kana kwamba fsync ni neno la mtu mzima.

Mwaka 2018 watu wa PostgreSQL waligundua jambo la ajabu. Kwenye Linux, diski ikishindwa kuandika ukurasa (kipande cha data kilichoko kwenye kumbukumbu), fsync inarudisha kosa mara ya kwanza tu, lakini kerneli inaweza kuuhesabu ukurasa ule kuwa msafi. Ukiita fsync mara ya pili inakujibu "sawa". Data haipo kwenye diski na jibu ni sawa! PostgreSQL kwa miaka mingi ilikuwa ikipata kosa inajaribu tena, inaambiwa sawa, inaendelea na safari. Dawa waliyochagua ni kujizima makusudi kosa likitokea, kisha kuanza upya kwa kusoma daftari lake la mabadiliko.

Kwa hiyo kabla ya kudai miamala, tudai kwanza ukweli. Mwaka 1981 mtaalamu wa hifadhidata Michael Stonebraker aliandika kwamba huduma za mfumo endeshi haziifai hifadhidata: akiba ya kurasa inatupa ile ambayo hifadhidata inajua itaihitaji sasa hivi, na upangaji wa zamu unaweza kumsimamisha mwenye kufuli (aliyezuia data isiguswe) wakati wenzake wote wanamngoja. Tangu hapo hifadhidata kubwa zimejijengea za kwao. Mfumo ukijenga muamala mwingine chini yake, mabadiliko yaleyale yanaandikwa kwenye madaftari 2, na gharama ni ya mtumiaji.

Karani wa Seva

Dada, hapo umenigusa, na Fundi, mpangilio wako nimeshauweka tangu jana. Lakini angalia ulichonipa: hatua 5, zote lazima zifuatane, mojawapo "wengi wanaisahau". Na nikitaka kufuta mkopo mpangilio unageuka, mstari kwanza halafu faili. Mwaka 2009 watumiaji wa ext4, mfumo wa faili wa Linux, walikuta faili za mipangilio ya KDE na GNOME (mazingira ya skrini ya Linux) zimekuwa baiti 0 baada ya mashine kuzima ghafla. Waandishi wa programu wale si wanagenzi kama mimi, na bado waliteleza.

Mzee wa AS/400

Vijana, IBM walitoa kompyuta ya biashara AS/400 mwaka 1988, hifadhidata imo ndani ya mfumo endeshi wenyewe. Mnabishania kitu tulichokalia miaka yote.

Fundi Diski

Shikamoo mzee. Ile ilikuwa mashine ya mtengenezaji mmoja, kuanzia chuma mpaka juu. Linux inabeba mifumo ya faili chungu nzima, kila mmoja na tabia zake.

Binti Kerneli

Mimi ningeomba kitu kidogo, na kimeanza kuja. Ukurasa wa PostgreSQL ni kilobaiti 8, bloku ya kawaida ya ext4, yaani kipande inachogawia diski, ni 4. Umeme ukikatika katikati unabaki na ukurasa nusu mpya nusu wa kale. Kwa kuogopa hilo, PostgreSQL inanakili ukurasa mzima kwenye daftari kabla ya kuuandika mahali pake kwenye diski, na InnoDB, injini ya hifadhidata ya MySQL, inaandika kila ukurasa mara 2. Linux 6.13 imeruhusu ext4 na mfumo mwenzake wa faili, XFS, kuandika bloku moja kwa namna isiyokatika, mradi diski yenyewe iweze. Kwa bloku ya 4, toleo hilo halikuutosha ukurasa wa 8, lakini mlango ulifunguka. Kwenye simu, mfumo wa faili wa F2FS una maandishi yasiyokatika, na hifadhidata ndogo ya SQLite inajua kuyatumia tangu 2017.

Hiyo ndiyo kazi ya kerneli: ahadi ndogo isiyovunjika. Kujua kwamba PDF na mstari ni ndugu ni kazi ya programu yako, kaka. Au weka PDF ndani ya hifadhidata yenyewe, wote walale chumba kimoja.

Karani wa Seva

Nimepiga hesabu. Fomu moja ni kama kilobaiti 300, inaingia bila shida, ila nakala ya usiku itavimba na intaneti yetu mnaijua. Nitaweka za mwaka huu ndani, za zamani zibaki kwenye folda. Sijakubali kwamba mwandishi wa programu ndogo asaidiwe na skripti ya kufagia tu, lakini muamala wa kerneli nzima nimeupunguza kwenye madai yangu.

Mzee wa AS/400

Na betri ya UPS, umenunua?