Tupeane uzoefu: Magharibi, Bonde la Ufa, Nairobi, Pwani. Wewe ulikuzwa wapi kivoliboli?

Habari zenu wakuu. Nafundisha wasichana wa chini ya miaka 17 mtaani hapa Nairobi. Kila mwaka napokea watoto wa kaunti mbalimbali. Waliokulia Kakamega na Bungoma wanaruka bila kuhimizwa, ila kupokea mpira wa kwanza ni shida. Wa mjini wanapokea vizuri, lakini mpira mkali ukija wanarudi nyuma. Na tusiseme ni urefu wa kuzaliwa: shule ya wasichana ya Kwanthanze iko Machakos, si Magharibi, na imeshakuwa bingwa wa kitaifa wa shule. Kwenu palikupa nini, palikunyima nini?

Namba Tisa
Mimi ni wa Nandi. Kwetu ukirefuka mapema watu wanakuuliza kama utaenda Cheptil, shule ya wavulana inayosifika kwa voliboli. Tulicheza kwenye udongo, wavu tukiufunga mita 2.43 za wanaume tukiwa na miaka 14. Nilipoitwa majaribio ya klabu Nairobi, ndiyo mara yangu ya kwanza kucheza ukumbini. Nilizoea kuupima mpira kwa miti na mawingu. Chini ya paa na taa sikujua uko umbali gani. Sikuchukuliwa. Nilikaa kwa binamu yangu Eastlands miezi mitatu nikijifunza kupokea tu, ndipo nikapata timu.

Mwalimu, Kilifi
Mkuu, huku tunachowanyima watoto ni miezi ya kucheza. Michezo ya shule ni muhula wa pili. Tukitolewa ngazi ya kaunti, wavu unarudi stoo hadi mwaka ujao. Mchezaji wangu anaweza kumaliza mwaka na mechi nane. Nilipofundisha Vihiga, Desemba ilikuwa mashindano ya vijiji mfululizo, mshindi anaondoka na mbuzi, na mtoto wa kidato cha pili anakabana na watu wazima. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona mimi.

Nilichofanya: maji yakipwa, tunafunga wavu ufukweni, wawili kwa wawili. Mchanga unajenga miguu, na mkiwa wawili hakuna wa kumwachia mwenzake mpira. Tangu Wakenya Makokha na Khadambi wacheze voliboli ya ufukweni Olimpiki ya Tokyo, wazazi nao wameacha kuniona napoteza muda wa watoto.

Mama wa Busia
Binti yangu alichukuliwa kuchezea shule ya bweni mbali na nyumbani akiwa na miaka 14, karo yote juu ya shule. Kiuchezaji walimkuza, siwezi kukana. Akaumia goti, na muhula uliofuata nikaletewa bili nzima. Wazazi wenzangu, makubaliano ya karo yawe kwa maandishi, na muulize kabisa: akiumia je?

Mwanzisha mada
Pole sana mama. Goti lake linaendeleaje? Mwalimu wa Kilifi, likizo ya Agosti niletee wasichana wanne. Wangu wawafundishe ukumbi, wako wawafundishe kutokuachiana mpira. Malazi nitatafuta kwa wazazi wa timu.