Kuzamia Karibiani msimu wa watalii wachache: niende kisiwa gani?

Mzamiaji wa Kirumba: Habari za jioni wadau. Niko Mwanza, mwaka wa tisa huu nazamia ziwani kukwamua nyavu zilizonasa kwenye pangaboi za mitumbwi. Maji yetu ni ya kijani, nikinyoosha mkono vidole sivioni. Nimeweka akiba nikaone bahari angavu, hata mara moja tu. Septemba bei za vyumba Karibiani hushuka, ila nyumbani wananitahadharisha kuhusu vimbunga. Nichague wapi?

Mama Tumbawe: Kaka, msimu wa vimbunga ni Juni 1 hadi Novemba 30, na Septemba ndiyo kilele. Nenda Bonaire. Kiko kusini karibu na Venezuela, kama Aruba na Curaçao, na vimbunga hukipitia kwa nadra. Kando ya barabara kuna mawe ya njano yenye majina ya sehemu za kuzamia: unaegesha gari, unavaa mtungi, unaingia kwa miguu. Ukitulia chini utasikia kwaru-kwaru. Ni pono wanaguguna matumbawe. Sauti hiyo bado ninayo masikioni.

Nahodha Mstaafu: Glavu acha, hifadhi ya bahari ya huko imezikataza ili watu wasishike matumbawe. Ongeza vyuma kiunoni, maji chumvi yanakuinua juu kuliko ya ziwa. Ukishazamia mara ya mwisho, usipande ndege kabla saa 18 hazijapita. Tafadhali sana.

Mzamiaji wa Kirumba: Asanteni mno. Pono nimewala Dar, kuwasikia bado.