Komba wa Nzwani na Mwali: mgeni asiye na haki ya msitu?

MLETA MADA
Wakuu, kila mazungumzo ya misitu ya Komori yakianza, kuna hoja hairukwi: komba wa Nzwani na Mwali waliletwa na watu kutoka Bukini, yaani Madagaska, kwa hiyo pesa kidogo zilizopo ziende kwa popo wa Livingstone, ambaye hapatikani popote duniani nje ya visiwa hivyo viwili. Komba ajitafutie. Mimi napinga.

Kwanza tuelewane jina. Pwani yetu komba ni yule wa macho makubwa anayelia usiku kama mtoto na kunywa tembo mnazini. Wakomori hulitumia jina hilo kwa lemuri, mnyama wa mitini wa Bukini, na huyu wa kwao ni Eulemur mongoz: mdogo kuliko paka, mkia mrefu kuliko kiwiliwili, dume mashavu mekundu, jike mashavu meupe.

Asili yake ni kaskazini-magharibi ya Madagaska, katika misitu mikavu ya huku na huku ya mto Betsiboka, hifadhi ya Ankarafantsika ikiwemo. Kiangazi miti hupukutika ikabaki vijiti. Nilipofika nilizunguka mchana kutwa nikaambulia patupu, kumbe mnyama huyu hubadili saa zake: mvua zikinyesha hutembea mchana, kiangazi huwa wa usiku. Tuliwakuta gizani juu ya msufi usio na jani hata moja, umejaa maua. Mmoja alishika ua kwa mikono miwili, akazamisha pua, akalamba, akaliachia likiwa zima na kuhamia la pili. Uso wote chavua. Msufi unapata mbegu kwa kazi ya namna hiyo.

Na huko kwao moto hupita mara kwa mara, miti inakatwa kwa mkaa na mashamba. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemweka katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Nyumba ya kwao ikiungua, hawa wa visiwani wanakuwaje ziada? Hao ndio akiba. Halafu hili la kuletwa kwa chombo: Komori nani hakuletwa kwa chombo?

MCHANGIAJI KUTOKA NZWANI
Kaka yangu, umeeleza vizuri, lakini wewe huna shamba huku. Embe zangu komba huzionja moja moja, kila moja jino moja, hazifai tena sokoni. Mito iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima utotoni mwangu leo ni mawe matupu. Popo akiisha hapa ameisha duniani. Komba akiisha hapa, Bukini yupo. Fukara hana budi kuchagua.

MLETA MADA
Ndugu yangu, la embe nakubali bila ubishi, hasara hiyo ni yako na si haki uibebe peke yako. Lakini mito haikukaushwa na komba. Miti ya milimani imekatwa kwa mashamba, na kwa kuni za kuchemshia langilangi, maua ya mafuta ya manukato, kazi inayokula kuni nyingi mno. Popo unayemtetea hulala kwenye miti mirefu ya miteremko mikali, na miti hiyo ndiyo inayoshika maji yako. Ukiilinda kwa ajili yake, umemlinda na komba bila kutoa senti ya ziada. Hakuna cha kuchagua hapo. Na hilo la "Bukini yupo" ndilo linalonitisha, maana nimeuona msitu wenyewe wa Bukini.

Kinachonisumbua ni shamba lako. Mimi naona anayetoa pesa za kuhifadhi popo alipe na embe zilizoumwa, au anunue miche ya miti ya kuni ipandwe mipakani mwa mashamba. Wenye mashamba ya Mwali nao waseme: mkipewa nafasi ya kuchagua, mngetaka fidia ya fedha, au miche?